Nilivyojifunza kupeleka watu mlimani bila kumpoteza mtu (wala hela yangu)

Saa 5 na dakika 40 usiku meseji inaingia, "Kaka samahani sana, mtoto kaamka na homa sitaweza kesho". Dakika mbili mbele nyingine, "Kiongozi mi nimepata dharura ya kifamilia". Wa tatu hata hakuandika, alitoka tu kwenye grupu kimya kimya. Na mimi kosta nimeshailipia advansi, viti 28, saa 10 alfajiri tunatakiwa kuondoka Ubungo. Hiyo ndo safari yangu ya kwanza kuongoza, na kila mtu wa klabu nyingine akiniuliza sisi tunawezaje hizi safari za mlimani huwa naanzia hapo hapo kwenye aibu.

Sisi asili yetu ni joging, zile klabu za Dar za Jumamosi alfajiri, tisheti za kufanana na nyimbo barabarani. Baada ya kukimbia lami ile ile miaka na miaka watu wakasema sasa twende mlimani, na kosa langu lilikuwa kusema kwa mdomo wangu kwamba mama yangu ni Mluguru. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia, nikaitwa mwenyeji na mwenyeji ndo akapewa daftari. Ukweli ni kwamba Morogoro nilikuwa naenda kwenye misiba tu, milima ya Uluguru nilikuwa naiona kwa chini kama abiria mwingine yeyote wa basi la Dodoma.

Basi bwana. Waliojiandikisha 34. Waliosema "nipo" na imoji ya msuli 29. Waliofika Ubungo 17. Suka wa kosta hajali umekuja na wangapi, anataka hela yake kamili, nikajazia mfukoni kwangu huku nachekacheka ili watu wasijue. Alafu tukakaa kuwasubiri wawili ambao kila ukipiga "nipo Buguruni hapa naingia", Buguruni ikachukua saa nzima, foleni ya Kibaha ikachukua yake, Chalinze watu wakashuka kula mishikaki utasema tunaenda harusini, Morogoro mjini tukaingia saa 5 na nusu na kuanza kupanda kwenda Morningside jua likiwa utosini kabisa.

Morningside sio mbali, ni kale kajengo ka zamani ka Mjerumani unakokaona ukipanda njia ya kilele cha Bondwa kwenye minara, mtu mwenye pumzi anatumia masaa mawili matatu. Lakini mji wa Morogoro upo kama mita 500 tu juu ya bahari na njia inapanda moja kwa moja, haina kubembeleza. Mimi nikatangulia na wenye mbio, nikijua kiongozi ni wa mbele, ndo maana anaitwa kiongozi eti. Tulifika juu tukapiga picha mpaka simu zikapata moto, upepo mzuri, ukungu unaingia na kutoka, kila mtu anatabasamu. Nikasema haya tujihesabu tushuke. 15. Nikahesabu tena. 15.

Aisee sijui kama nishawahi kuishiwa nguvu za magoti namna ile. Waliokosekana ni dada mmoja aliyekuja na raba mpya kabisa, stika bado ipo kwenye soli, na mama mmoja mtu mzima wa kundi letu ambaye alikuwa kabaki naye. Simu hazipatikani. Ukungu nao ukaamua kukaa. Kijana aliyekuwa anatuongoza, yeye kavaa yeboyebo anashuka kama anaenda dukani, akaniambia kaka usiogope njia hii ina nyumba. Na kweli, tuliwakuta kijiji cha Choma kwenye nyumba ya bibi mmoja, dada kavua raba, kisigino kimechubuka mpaka nyama nyekundu inaonekana na soksi imeganda na damu, bibi kampa maji ya chumvi ya vuguvugu aloweke, na wote wawili wanakula magimbi ya kuchemsha bila wasiwasi wowote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndo mkubwa wao?"

Nikasema ndiyo.

"Mkubwa gani unapiga picha huko juu na watu wako wako jikoni kwangu?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Tulimaliza kushuka kwa tochi za simu, maana huku kwetu saa 12 na nusu jioni likishazama limezama, hakuna kubembelezana na jua. Dar tuliingia saa 7 usiku.

Wiki iliyofuata nikataka kuachia ngazi, yule mama (aliyekula magimbi) ndo akanikatalia, akasema mwanangu shida sio mlima, shida ni kwamba hujaweka utaratibu. Tukakaa kwake tukapanga.

Hela kwanza, maana huko ndo urafiki unakofia. Tukaacha kabisa kuandika majina ya walioahidi, jina linaingia ukituma hela na risiti ya muamala. Mwanzoni nilitukanwa, niliambiwa nimegeuka ofisi ya serikali. Kilichoniokoa ni SGR, ile treni ya umeme, tangu ilipoanza kwenda Morogoro mwaka 2024 nauli daraja la kawaida walitangaza 13,000 na mwendo ni chini ya masaa mawili, lakini uzuri wake kwangu sio hata mwendo, ni tiketi. Tiketi inakatwa kwa jina la mtu na namba ya kitambulisho, kwa hiyo siwezi kumshikia mtu nafasi ya "nitakupa kesho", na treni ikifika muda wake inaondoka, hakuna kondakta wa kubembeleza kwamba kuna dada yupo Buguruni. Watu wale wale waliokuwa wananichomoa usiku sasa wako stesheni saa 11 alfajiri na maandazi mkononi. Ubaya wake stesheni ya Morogoro imekaa pembeni huko Kihonda kwa hiyo lazima uwe umeshaongea na daladala mapema, ukisubiri kupatana pale nje na watu 20 nyuma yako bei inapanda kila unapogeuza kichwa.

Na mahesabu natupia kwenye grupu jioni ile ile tukiwa kwenye treni ya kurudi, mpaka chumvi. Kuna kaka alishawahi kusema pembeni kwamba mwenyekiti (ndo mimi) anajenga kwa hela zetu, sikumjibu, safari iliyofuata nikampa yeye daftari la matumizi. Alirudi kachoka kuliko waliopanda. Chenji ikibaki inaingia kwenye mfuko wa dharura, na huo mfuko umeshalipia bajaji, dawa, na mara moja raba za yeboyebo za mtu ambaye soli yake ilibandukia njiani.

Kitu cha pili ni Pugu. Hakuna mtu anapanda Uluguru na sisi kama hajatembea na sisi kwenye msitu wa Pugu Kazimzumbwi, pale pale nyuma ya Dar, unafika kwa daladala tu. Watu wanadhani ni mtihani wa pumzi, mi hata pumzi siangalii, naangalia viatu, naangalia nani anabeba maji ya nusu lita akidhani ni mazoezi ya ukumbini, na nani akichoka anakuwa mkali. Huyo wa mwisho ndo wa kumjua mapema. Raba mpya naipiga marufuku waziwazi, nenda nayo sokoni, nenda nayo kazini wiki mbili, ikishanuka njoo nayo.

Mlimani kwenyewe sasa mi natembea nyuma. Mbele anakaa mwenyeji wa kule, nyuma kabisa nakaa mimi au yule mama, tunamwita Mkia na anajivunia, ana filimbi shingoni na ile begi ya plasta, bandeji, ORS ya kurudisha maji mwilini na pipi. Sheria ya mbele ni moja, kila njia ikigawanyika mnasimama mpaka mmuone Mkia kwa macho, sio kusikia sauti. Na kila mtu ana pacha wake, nikiuliza "pacha yupo?" unajibu kwa ajili ya mwenzio, sio kwako, maana mtu aliyepotea hawezi kuitika kwamba amepotea.

Lupanga, kilele kingine cha Uluguru, ndo ilitupima. Kina zaidi ya mita 2,100, ukianzia mjini ni kama kupanda mita 1,600 kwa siku moja, na kule juu ni hifadhi kwa hiyo kibali kinatafutwa kabla, unapewa kontroli namba unalipa, na asiye raia bei yake tofauti (mwambie mtu akuambie mapema kama anakuja na mgeni, nimeshasimama ofisini natafuta tofauti ya hela na watu wameshavaa mabegi). Tuliwekeana kwamba saa 8 mchana popote tulipo tunageuka. Saa 8 ikatukuta kwenye mizizi, tope, mvua imeanza nyembamba, kijana anasema nusu saa tu tunafika. Wenye mbio wakaja juu, "mwenyekiti tumetoka Dar kwa ajili ya hii nusu saa". Nikasema tunageuka. Watu watatu hawakuongea na mimi mpaka Kihonda. Tulipofika chini mto tuliouvuka asubuhi kwa kurukia mawe ulikuwa umefunika yale mawe yote, tukashikana mikono tukavuka maji ya magoti, na ndani ya treni mmoja wao akanipa nusu ya chapati yake bila kusema kitu. Maji yale yale ukiyafuata yanakwenda Ruvu alafu yanakuja kutoka bombani kwetu Dar, nilipowaambia hivyo wakasema kumbe ndo maana yanakuja na tope.

Choma bado tunapita, na kwa bibi tunanunua magimbi na karoti hata kama hatuna njaa. Ana tabia ya kusimama mlangoni na kutuhesabu kwa kidole tukishuka. Mara ya mwisho akapata 18, mi nina 19 kwenye daftari, akaniangalia lile jicho lake, nami nikashaanza kusikia magoti. Nikapiga filimbi, "pacha yupo?", kila mtu anaitika yupo. Kumbe alinisahau mimi.