Sekunde saba

Ofisini kwetu Posta chai ilinywewa saa nne, na siku ya Ijumaa ilinywewa polepole. Tulikuwa watu saba kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Chapati, maandazi, chupa mbili za chai, moja ya rangi na moja ya maziwa. Ijumaa swali lilikuwa moja: wikiendi unaelekea wapi? Jumatatu kila mtu anatoa hesabu.

Hesabu zangu zilikuwa za kughushi. Nilikuwa karani wa nyaraka, miezi minane kazini, mshahara unakata roho tarehe kumi na tano. Jumamosi nafua, Jumapili nikitoka kanisani nalala. Lakini utasemaje "nilifua" wakati Dada wa Mapokezi anazungusha simu yenye picha za wanawe wakiteleza kwenye maji kule Kunduchi? Basi nikajitungia dada, nikamjengea Mbezi Beach. Alikuwa na bustani, mume mkarimu na jiko la kuchomea nyama. Kila wikiendi nilikuwa kwake. Kusema kweli nilimpenda sana yule dada.

Ijumaa ya tarehe 21 Juni 2019 sikuhitaji kutunga kitu. Baba alikuwa ameshuka Ubungo Jumatano usiku, kutwa nzima kwenye basi kutoka Njombe, amevaa koti zito na kofia ya sufu kama mtu aliyetoroka na baridi yake. Dar watu walikuwa wanalalamika kipupwe, wanalala na shuka mbili. Baba alitoa mkono nje ya dirisha la bajaji akauliza, "Hii ndiyo mnayoiita baridi?" Mkononi alikuwa na redio yake ndogo, imefungwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke. Alikuja kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshaziba, la kushoto lilikuwa njiani. Upasuaji alipangiwa Jumatano inayofuata.

"Mzee wangu yupo mjini," nikasema kwenye chai. "Jumapili nimpeleke wapi?"

Kumbe nilikuwa nimetupa karanga kwa kuku. Shule zilikuwa zimefungwa, Idd imepita kama wiki mbili, kila mtu alikuwa na lake kichwani. Mama Mhasibu akasema Coco Beach, ila niwahi kabla ya saa nane, na kabla sijanunua mihogo nichungulie karai: mafuta yakiwa meusi, nisogee kwa mwingine. Dada wa Mapokezi akasema Mlimani City, sinema na bisi. Dereva akasema Kigamboni. "Pantoni mia mbili, upepo bure." Tukacheka, kwa sababu sote tulijua ana kiwanja huko anatafuta mteja. Kijana wa Kompyuta hakuona haja ya mtu kutoka nyumbani. Angeniwekea kwenye flashi sizoni ya Kikorea na muvi tano zilizotafsiriwa, mzee ale raha kwenye kochi. Bosi alipita kuchukua andazi, akasema Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama, kuna nyumba za asili za makabila na wikiendi wanapiga ngoma.

Mzee wa Forodha, mtu wa Pangani, alikuwa wa mwisho kama kawaida yake. Jumapili yake ilikuwa na mambo mawili tu, bao chini ya mwembe na usingizi. "Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone," akasema. "Wewe unataka mgeni aje augue."

Niliyaandika yote nyuma ya fomu ya forodha iliyoharibika. Jumamosi jioni, chumbani kwangu Manzese, nikamsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kama anasomewa barua ya kikao.

"Hicho kijiji cha makumbusho, kuna nini?"

"Nyumba za zamani, baba. Za udongo na nyasi."

"Nipande basi kutwa nzima nije Dar kuangalia nyumba ya nyasi? Mimi nimezaliwa humo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na hiyo sinema ni ya kuangalia. Coco, tunaangalia bahari. Flashi, tunaangalia." Akavua kofia, akaipapasa. "Mama, karatasi yako yote hiyo ni ya macho."

Nilikuwa nimempeleka kliniki Alhamisi. Nilimwona akishindwa kusoma hata herufi kubwa kuliko zote kwenye lile bango. Nilimshika mkono kuvuka Barabara ya Morogoro. Halafu nikakaa ofisini nikamkusanyia mambo matano ya kutazama. Nilikunja karatasi, sikujua pa kuiweka.

"Sasa wewe unataka wapi?"

Akafikiri. "Nipeleke penye kelele."

Jumapili tulianza na ibada ya kwanza Azania Front, lile kanisa la Wajerumani lenye vigae vyekundu karibu na maji. Baba ni Mlutheri wa kuimba sauti ya nne, na siku hiyo aliimba mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka. Tulipotoka tukafuata barabara ya ufukweni kwa miguu hadi Feri. Nilitaka tupite moja kwa moja kwenye pantoni, ila alisikia mnada wa samaki, miguu ikamgoma.

Mtu ambaye hajasimama kwenye mnada wa Feri hawezi kujua sauti ya dalali inavyotambaa. Inaanza chini, elfu tano, tano, tano na mia tano, inapanda, inakatika ghafla, fungu limekwenda. Baba alisimama kichwa kimeinama upande, anatabasamu. Majina ya samaki ndiyo yalimfurahisha zaidi. Kule kwetu tunajua dagaa na perege, basi. Akawa anayarudia kimoyomoyo, changu, kolekole, kibua, na bei nazo anazirudia. Nadhani alikuwa anaonja maneno. Tatizo ni kwamba "elfu kumi na mbili" aliisema kwa sauti ya kwaya.

"Mzee kachukua!"

Fungu la vibua likasukumwa mbele ya viatu vyake vya kanisani. Nilijaribu kueleza. Dalali alishahamia fungu jingine, na kijana wa kukusanya pesa alinitazama kwa macho ya mtu ambaye maelezo ya aina hiyo ameyasikia tangu alfajiri. Nikalipa. Pa kuvitia ikawa shughuli nyingine, maana mifuko ya rambo ilikuwa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 mwezi uleule, na mji mzima ulikuwa bado unajifunza kubeba vitu. Nilinunua mfuko wa kitambaa, mzuri, wa kijani. Haukuzuia maji hata tone.

Hivyo ndivyo tulivyopanda pantoni, baba na koti lake, mimi na vibua vinavyodondoka. Watu walitupisha bila kuombwa.

Baba aliweka viganja vyote viwili kwenye chuma cha pembeni. Mlango ulipopandishwa, injini ikakoroma, akafumba hata lile jicho lililobaki. Nikaanza kumwelekeza: kule ni bandarini, ile ni meli ya makontena, pale nyuma ndiyo minara ya mjini. Akaniinulia kidole ninyamaze. Tukavuka hivyo. Muuza karanga anagonganisha sarafu, mtoto analia, pikipiki zinaungurumishwa kabla hata hatujafika, halafu honi moja nzito iliyonipiga kifuani.

"Inanguruma chini ya miguu kama mashine ya kusaga," akasema tulipogusa Kigamboni. "Turudi."

"Baba, ndiyo kwanza tumefika."

"Tutafika tena."

Tulivuka mara nne. Katikati tulikula mihogo ya kukaanga upande wa Kigamboni, imefungwa kwenye gazeti, pilipili ya kutoa machozi. Mafuta sikuyachungulia. Nikiulizwa leo wikiendi gani nilistarehe Dar es Salaam, na nimeshakwenda kote walikonitajia, sinema na bisi zikiwemo, nataja mihogo ile iliyonukia wino na vibua.

Usiku ule Taifa Stars walikuwa wanacheza na Senegal, Cairo, saa mbili. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kwenye fainali za Afrika tangu 1980, miaka 39. Tangu tuwafunge Uganda 3-0 mwezi Machi, Manzese ilikuwa haijatulia. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa nyumba ya pili kutoka kwangu, mabati na turubai, kiingilio mia tano, na kufikia saa moja na nusu watu walishakaa hadi mlangoni. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaanga vibua vyote akagawa kwa majirani, kwa hiyo baba alikuwa na heshima zake uani.

Alikataa kulipa. "Nilipe mia tano kutazama kivuli?" Akaomba kigoda, akaegemea ukuta wa kibanda kwa nje, akaiweka redio sikioni. Nikakaa chini pembeni yake.

"Goli la Peter Tino la mwaka 1979, lile la Ndola lililotupeleka Lagos," akaniambia, "unadhani Njombe yupo aliyeliona? Tulilisikia wote. Na kila mtu anakuelezea lilivyoingia."

Mpira ukaanza, na dakika chache tu baadaye nikagundua jambo. Baba alikuwa anaguna kabla ya kibanda kuguna. "Ooh, Manula kadaka," anasema taratibu, kisha kimya, kisha ndani watu wanapiga yowe la hofu, kisha wanashusha pumzi. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Mara ya tatu nikahesabu. Sekunde saba. Kijana wa Kompyuta alinieleza kesho yake kwamba picha inapanda kwenye setilaiti, inashuka, ndipo king'amuzi kiifungue, na redio haina mzunguko mrefu kiasi hicho. Usiku ule sisi tulijua tu kwamba mzee wa Njombe anaona mbele.

Mtoto mmoja aliyekosa nafasi ndani ndiye aliyeitangaza siri. Akajibanza kwenye upenyo wa turubai, akawa anapeleka habari: "Babu anasema kadaka! Babu anasema imetoka nje!" Ndani wakaanza kutulia kabla ya shuti. Siku hiyo Senegal walipiga kama wanatwanga, Manula akawa anaruka huku na huku, na baba akawa mtu wa kuwatoa watu presha.

Dakika ya 28 akasema, "Aah. Tumefungwa."

Mtoto akapeleka. Ndani pakalipuka ugomvi wa sekunde saba: mchawi, mnafiki, mtoeni huyo mzee. Kisha Keita Baldé akafunga, wakanyamaza.

Mwenye kibanda akatoka, jasho linamtiririka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wangu, unaniulia biashara. Mtu kalipa mia tano yake asikie uchungu kwa wakati wake."

Baba akamwelewa kabisa. Wakakubaliana: kudaka aseme, kufungwa asiseme. Wakapeana mikono. Kipindi cha pili mambo yakaenda hivyo, na wateja wawili wakaacha viti vyao wakaja kukaa nasi chini. Dakika ya 64 baba hakusema neno. Aliishusha redio mapajani, akavua kofia.

"Babu kavua kofia!" mtoto akapiga kelele.

Kibanda kizima kikaguna, na kwenye skrini goli lilikuwa bado halijaingia. Tulifungwa 2-0.

Jumatatu kwenye chai nilisimulia yote, mpaka mfuko wa kijani. Mzee wa Forodha alicheka akapaliwa na chapati. Dereva alitaka kujua kama mzee ameuliza bei ya viwanja. Hapo ndipo Mama Mhasibu akaniuliza, anakoroga sukari, "Na dada yako wa Mbezi Beach hakuja kumsalimia baba yake?"

Uso ukaniwaka moto. "Hakuna dada," nikasema.

"Tulijua, mwaya. Wiki hii ana watoto wawili, wiki ijayo watatu." Akanisogezea sahani ya maandazi. "Ila tulikuwa tunasubiri ajenge ghorofa."

Jumatano baba akapasuliwa salama. Alhamisi, tarehe 27, alilala kwenye kitanda changu, jicho la kulia limefunikwa, mimi kwenye mkeka. Daktari alisema asiiname, asinyanyue kitu, apumzike mapema. Mechi na Kenya ilikuwa saa tano usiku. Kuhusu redio daktari hakusema chochote, na betri mpya zilitoka kwa Dereva. Baba akaiweka juu ya mto, sauti chini kabisa, mama mwenye nyumba asije akasikia.

Mwisho wake unajulikana, tuliongoza mara mbili na bado tukalala 3-2. Baba alishasinzia kabla ya Olunga kumaliza kazi. Lakini dakika ya sita alikuwa hajasinzia. Nilisikia kitanda kikilia, nikainuka kumwambia atulie, nikamwona kwenye mwanga wa simu, mkono mmoja juu ya bandeji, mwingine umekunja ngumi hewani.

"Msuva," akanong'ona.

Nje mtaa ulikuwa kimya. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika saba, Manzese yote ikapiga kelele.