Kabla ya Kununua Mashine ya Eliptiko, Chukua Futi Kamba

Nilianza kutafuta mashine ya mazoezi ya nyumbani baada ya goti langu la kulia kuzikataa kabisa mbio za barabarani. Kwa miaka sita nilikuwa nikikimbia alfajiri hapa Tanga, kutoka mjini hadi Raskazone na kurudi, na mtaalamu wa tiba ya viungo aliyenichunguza hakunikataza mazoezi ya moyo. Alichonikataza ni kishindo. Ndiyo maana nikaiacha mashine ya kukimbilia na kuelekea kwenye eliptiko, ambayo mtumiaji husimama juu ya makanyagio mawili yanayozunguka katika njia ya duaradufu, huku mikono ikisukuma na kuvuta vishikio viwili virefu. Unyayo hauachani na kanyagio, kwa hiyo hakuna ule wakati wa kutua ambao humgonga mkimbiaji gotini kila hatua. Mashine za aina hii zilianza kupata umaarufu tangu mwaka 1995, kampuni ya Precor ya Marekani ilipotoa ile iliyoiita EFX.

Ya kwanza niliinunua kwa kutazama picha na bei, nikaiuza baada ya miezi miwili. Shida yake ilikuwa urefu wa hatua, kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitaji na ambacho kwa maoni yangu kinapita vingine vyote. Mimi nina urefu wa sentimita 178, na kila nilipoipanda nilijihisi kama mtu anayepanda ngazi kwa vihatua vya mtoto, magoti yakija juu kuliko yanavyokwenda mbele. Siku moja nilimwomba mke wangu achore mstari wa chaki sakafuni chini ya ncha ya kanyagio lilipofika mbele kabisa, kisha mwingine lilipofika nyuma kabisa. Tulipoweka futi kamba, tulipata sentimita 30 tu. Niliyonayo sasa ina sentimita 46, na tofauti hiyo niliisikia kwenye nyonga na mapaja tangu dakika ya kwanza. Mtu mfupi anaweza kutosheka na hatua ya sentimita 35 au 40, lakini asikubali kuambiwa kwamba mashine zote ni sawa. Aipande dukani, akanyage dakika kumi, tena akiwa na viatu atakavyovaa nyumbani.

Kipimo cha pili ni cha juu, nacho husahauliwa. Kanyagio la mashine yangu likiwa kileleni huwa sentimita 40 kutoka sakafuni, kwa hiyo utosi wangu hufika mita 2 na sentimita 18. Dari la sebule yetu lingetosha bila wasiwasi, ila pangaboi linaning'inia chini yake, na mapanga yake yalikuwa karibu na kichwa changu kiasi kwamba sikuthubutu kuliwasha. Kwa joto la Tanga, kufanya mazoezi bila pangaboi ni adhabu, basi nikaihamishia mashine kwenye kona ya dirishani.

Kuhusu uzito, nashauri mnunuzi asiogope mashine nzito. Ile ya kwanza ilikuwa nyepesi, ikiyumba kila nilipoongeza kasi. Hii ya sasa hubebwa na watu wawili, na gurudumu lake zito la ndani huufanya mwendo uwe laini, bila kukwama kanyagio linapopita juu. Ugumu wake hutokana na sumaku inayosogezwa kwa kitasa cha mkono, wala haihitaji umeme isipokuwa betri ndogo za kioo cha namba, nami nimewahi kumaliza zoezi langu gizani umeme ulipokatika.

Kioo hicho nakiamini kwa muda tu. Hesabu yake ya kalori siitegemei, kwa sababu hakijawahi kuniuliza uzito wangu, na binti yangu wa miaka kumi na mitano akipanda humpa hesabu ileile. Badala yake natumia pumzi: nikiweza kuzungumza lakini nisiweze kuimba, najua nipo katika kiwango cha wastani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za kiwango hicho kwa wiki, nami nafanya dakika 35 kwa siku tano. Shirika hilo hilo linataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na hayo eliptiko haiyatimizi, kwa hiyo nachuchumaa na kupiga pushapu pembeni yake.

Jambo ambalo sikulisoma popote nimelijua kwa kuishi karibu na bahari. Katika mwezi wa nne reli ambazo magurudumu madogo hupita zilianza kuota madoa ya kutu, na upande wa kushoto ukaanza kulia kwa kila mzunguko. Nilidhani beringi imekufa, kumbe ni nati ya kranki, yaani mkono wa chuma unaozunguka pamoja na kanyagio, ndiyo iliyolegea. Niliikaza kwa spana na mlio ukaisha papo hapo. Sasa kila baada ya zoezi nafuta jasho na chumvi kwa kitambaa kikavu, na kila Jumamosi napitisha spana kwenye nati zote nne kabla sijapanda.