Diwani

Mwaka 2019 nilikuwa nauza maji Kaptembwo, Nakuru, na punda wangu alijulikana mtaa mzima. Aliitwa Diwani. Jina hilo alikuja nalo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, na sikuhitaji kuuliza sababu. Asubuhi alikubali kila kitu. Ikifika saa nne anakugeuka mbele ya umma.

Sikujali akisimama na kukataa. Punda si farasi. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, mengine baadaye. Punda husimama, atazame, apime, na watu wasio na subira wanamwita mkaidi. Kilichonitia hofu ni zile siku ambazo Diwani hakupima. Anatembea vizuri, masikio yamelegea, mara masikio yanalala nyuma, mkia unabana, na mkokoteni unaondoka nami nimening'inia kwenye hatamu kama utingo aliyedandia matatu ikiwa imeshaondoka. Mitungi 12 ya lita 20 ni kilo 240, na hapo hujahesabu mkokoteni wenyewe.

Maji niliyachota upande wa juu, kwenye mteremko wa Menengai. Anayeijua Nakuru anajua kwamba shida yetu si uchache wa maji tu. Visima vingi vya huku vina floridi nyingi, ndiyo maana waliokulia hapa wengi wana meno ya kahawia. Wateja wangu walikuwa na kisima wanachokipenda huko juu, wakisema chai yake haina ukakasi, na walikuwa tayari kuongeza shilingi tano kwa mtungi. Kuwafikishia nilipaswa kuteremka na mzigo wote, kisha kuvuka barabara kuu ya kwenda Eldoret, pamoja na malori yake ya Uganda na madereva wake ambao punda kwao ni kitu cha kupigia honi.

Mwezi wa saba, kwenye kipande cha mwisho cha mteremko, karibu kabisa na barabara hiyo, Diwani alitoka mbio. Hatamu ilinichuna kiganja. Gurudumu moja likapanda ukingo, mkokoteni ukalala upande, mitungi ikatawanyika, na ubao ukagonga pikipiki ya boda iliyoegeshwa. Mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache kando, ananunua mahindi choma. Kama si njaa, angekuwa amekaa juu yake.

Alitazama indiketa yake chini, akamtazama punda, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. "Muuze huyu, ndugu yangu," akasema. "Kabla hajakuuza wewe."

Nilimlipa indiketa na kioo. Wiki ile karibu kila mteja alinipa ushauri huohuo, na mama yangu alikuwa wa kwanza. "Asante ya punda ni mateke, mwanangu. Shuleni hamkufundishwa?" Mama hakuwa na chuki na mnyama. Alikuwa akimwazia mtoto wa dada yangu, ambaye kila jioni alipanda mkokoteni mtupu tukirudi nyumbani, na alikuwa na haki ya kumwazia.

Lakini kumuuza kwa nani? Miaka ile hilo swali lilikuwa na jibu moja. Tangu 1999 punda alikuwa ameingizwa kisheria kwenye orodha ya wanyama wa nyama nchini, na kufikia 2016 vichinjio vya punda vilikuwa vimefunguliwa Naivasha upande huu, na Mogotio upande ule, mwendo usiofika saa moja kutoka mjini kwetu. Nyama haikuwa hoja sana. Hoja ilikuwa ngozi, iliyosafirishwa China na kuchemshwa kuwa ejiao, aina ya gundi wanayoitumia kama dawa. Bei ya punda ikapanda kupita uwezo wa mtu anayemtaka wa kumfanyia kazi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 Kenya, ile ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Sisi wa mikokoteni hatukuhitaji sensa. Ungeamka ukasikia wa jirani hayupo, na kabla ya saa sita mtu ameona mzoga uliochunwa vichakani.

Broka alikuja Jumanne. Mimi Diwani nilimnunua 8,000. Yeye alitaja 15,000, na akanipa hadi Jumamosi. Nilitarajia afungue mdomo aangalie meno, au ainue kwato, au aniulize anavuta mzigo kiasi gani. Hakufanya hata moja. Aliishika ngozi ya shingoni kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, akaitazama inavyorudi mahali pake. Kisha akafuta vidole kwenye suruali. "Sawa huyu," akasema.

Nikampeleka Diwani kwa mzee mmoja wa Rhonda ambaye alikuwa ameendesha mikokoteni maisha yake yote mpaka magoti yakakataa.

"Mzee, nitazamie huyu. Anakimbia bila sababu."

"Anakimbilia wapi?"

"Popote."

"Sijakuuliza anaelekea wapi. Nauliza akiwa wapi ndipo anaanza."

Nikafikiri. Mara nyingi ni mteremko. Si mara zote, lakini mara nyingi.

Mzee akamsogelea kwa ubavuni, si kwa nyuma, mkono wake ukitambaa mgongoni mpaka kwenye makalio ili mnyama ajue yuko wapi. Akaniita nije upande wake. Nyuma ya mapaja, juu kidogo ya vifundo vya miguu ya nyuma, nywele zilikuwa zimelika kwenye mstari ulionyooka, na chini yake ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu. Mzee akaenda kwenye mkokoteni, akaupima ubao wa mbele kwa shubiri, akarudi akapima mguu. Urefu mmoja.

"Gari lako linampiga," akasema.

Ilikuwa hivi. Matandiko ya Diwani yalikuwa kama ya punda karibu wote wa mtaani: mkanda wa kifuani wa kuvutia, mwingine wa tumboni, basi. Mahali tambarare inatosha. Kwenye mteremko mkokoteni unataka kumpita, na hakuna kitu cha kuuzuia isipokuwa miguu yake mwenyewe. Unamgonga, anaongeza mwendo. Akiongeza mwendo, unamgonga zaidi. Mzee akataka mkanda mpana unaozunguka makalio na kufungwa kwenye miti miwili ya mkokoteni, ili mnyama akalie uzito badala ya kupigwa nao. Fundi wa Jua Kali aliushona kwa mikanda ya usalama ya matatu iliyokufa, akauwekea kitambaa cha blanketi ndani. Ulinigharimu 350.

Mzee akanipangia na mitungi upya. Ikizidi nyuma ya ekseli, miti ya mbele inainuka na mkanda wa tumbo unamkaba. Ikizidi mbele, mgongo ndio unaobeba. Kipimo chake ni kuinua ncha za miti kwa mkono mmoja: ziwe na uzito kidogo tu. Hilo nalifanya hadi leo nikiona mkokoteni wa mtu, na wengine hukasirika.

Mteremko ukaisha kuwa vita. Siku iliyofuata Diwani aliteremka kutoka Menengai akiwa amekalia mkanda wake kwa utulivu, na nikaanza kujiona daktari.

Alhamisi, mahali tambarare, mitungi mitupu, hakuna mbwa, hakuna upepo, hakuna pikipiki, akatoka tena. Alikwenda hadi kwenye ukuta wa kinu cha kusaga mahindi, akasimama, akaanza kula karatasi.

Nilirudi kwa mzee. Akacheka mpaka akakohoa. "Ile ya kwanza ilikuwa ya gari," akasema. "Hii ni yake."

Usiku wa Alhamisi hiyohiyo wezi walikuja. Wa jirani alichukuliwa. Kwetu tulikuta kamba imekatwa, Diwani amesimama palepale, na pembeni mwa ukuta ndala moja ya kushoto, saizi kubwa. Watu wanaoijua hadithi hii husema ile ndala ndiyo iliyomwokoa, kwamba nilimhurumia. Inapendeza kusimulia hivyo, lakini haikuwa hivyo. Teke lililomfaa mwizi lingeweza kumpata mtoto wa dada yangu, na nililijua hilo asubuhi ileile huku nikicheka.

Nilichokuwa nikikiona ni kwamba nimefungiwa maneno mawili katika fundo moja. La kwanza: je, huyu mnyama anafaa kuvushwa barabara kuu na kilo 240? Hapo jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa hapana. Mkanda ulikuwa umeondoa sababu moja. Iliyobaki sikuwa na namna ya kuishonea mkanda. La pili: je, achunwe? Kila aliyeniambia "muuze" alikuwa akijibu la kwanza, na broka akilipia la pili. Sikuona kwa nini jibu la moja liwe risiti ya lingine.

Jumamosi broka alikuja na pikipiki. Nikamwambia hapana. Akafika 17,000. Mama alikuwa akisikiliza mlangoni, na nilisikia akivuta pumzi. Nikasema hapana tena, na hakukuwa na ushujaa wowote, maana kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa.

Kisha nikapunguza kazi ikamtosha. Barabara kuu hatukuivuka tena. Nilichota kwenye kioski cha upande wetu, na wateja wa chai wakaniacha, karibu wote, wakaenda kwa kijana mwenye tuktuk. Mitungi ikawa 8. Mtoto alipigwa marufuku mkokotenini, akalia siku mbili. Mimi mwenyewe sikukaa juu ya ubao hata mara moja; nilitembea kando ya kichwa cha Diwani, hatamu fupi. Alitoka tena mara kadhaa. Kwa mzigo ule na njia zile, kilichoumia ni mitungi.

Pato lilishuka karibu nusu, na Mama alilitaja hilo kila mwisho wa mwezi bila kukosa.

Februari 2020, baada ya wafugaji kulalamikia wizi kwa miaka, Waziri wa Kilimo Peter Munya alitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda. Broka wangu nilimkuta baadaye akinunua mbuzi. Bei ya punda ikashuka hadi kiwango ambacho mtu mwenye shamba angeweza kukifikia, na hapo ndipo nilipotangaza kwamba Diwani anauzwa.

Alinunuliwa na mama mmoja wa Njoro, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la nyasi za nepia lisilo na lami karibu. Nilimpa mkanda wa makalio bure, nikamwonyesha unavyofungwa, nikamwonyesha na ule mstari wa nywele, ambao ulikuwa umeanza kuota manyoya. Nikamweleza habari ya mteremko. Nikamweleza na ile nyingine, ambayo haina maelezo, na kwamba asimwachie mtoto hatamu.

"Ana mateke?" akauliza.

"Anayo, mama."

Akahesabu 9,000, akairudia kuhesabu, akanipa.