Nimelizuru kaburi la Maalim Seif

Juzi nilikwenda Mtambwe, Pemba, kulizuru kaburi la Maalim Seif Sharif Hamad na kumsomea dua. Njia nzima karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu imejaa mpaka ndani ya gari. Mzee mmoja pale kijijini akanishika mkono: "Mwanangu, wewe hukuziona foleni za mchele." Alikusudia miaka ya uhaba wa chakula, kabla ya 1984, pale Maalim, mwalimu wa skuli aliyeingia siasa, alipofanywa Waziri Kiongozi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi na biashara ikafunguliwa Zanzibar. Mzee hajalisahau hilo mpaka leo.

Mengine mnayajua: kufukuzwa CCM 1988, kuwekwa ndani 1989 hadi 1991, chama cha upinzani cha CUF, kugombea urais wa Zanzibar mara sita. Kwangu mimi kubwa lake ni Novemba 2009, alipokaa na Rais Amani Karume wa CCM wakaridhiana. Watu wetu wa CUF walipigwa risasi na polisi kwenye maandamano Januari 2001, na bado alikubali kukaa! Moyo ule ni wa wachache. Mwaka 2010 akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akarudi tena Disemba 2020. Alifariki Muhimbili, 17 Februari 2021. Allah amrehemu Maalim wetu.