Nimeuza Landrova yangu ya 1976 bila dalali

Nilipotangaza kwamba nauza Landrova, swali la kwanza la wengi waliopiga simu lilikuwa: "Mama, mwenye gari yupo?" Nikiwaambia mwenye gari ndiye unayeongea naye, wengine walikata. Sikuumia. Mtu asiyeamini kwamba mama wa Tegeta anaweza kuendesha Landrova ndefu isiyo na pawa stelingi kutoka shamba la Kisarawe na viroba vya mihogo nyuma, hataniamini hata nikimwambia gia boksi lilifunguliwa lini na kwa sababu gani.

Gari lenyewe ni Series III, ile ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja nayo kutoka kiwandani Uingereza. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na yangu nilinunua kwenye mnada wa misheni. Nimeiuza kwa sababu ya goti. Klachi ya gari lile ni nzito, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo jioni haina huruma na goti la mtu.

Kilichonipa kazi kubwa ni bei. Dalali mmoja wa Magomeni alilizunguka mara moja, akapiga teke tairi, akasema, "Mama yangu, hili skrepa. Milioni tano nakuletea mtu kesho." Kwa mteja wake alikuwa sahihi. Yupo anayetaka chuma, yupo anayetaka gari la kubebea mchanga, na yupo anayetaka Landrova. Huyu wa tatu hatembei na madalali wa Magomeni. Wa pili ukimwonyesha injini ya zamani anashusha bei, kwa kuwa anataka gari lililokwisha kufungwa dizeli ya Toyota. Wa tatu anapandisha bei kwa injini hiyohiyo. Kwa hiyo nikaamua tangazo langu limlenge huyo tu: nikaandika milioni 18 na maneno "injini orijino", nikalituma kwenye makundi ya wapenzi wa Landrova. Tangu tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, hata vijana ambao hawajawahi kuikalia walikuwa wanaulizia.

Fundi wangu wa Gerezani alitaka tulipige rangi kwanza. "Mama, likimeta tu linaondoka." Nikakataa, na hapa nasimama hadi leo. Bodi ya Landrova ya zamani sehemu kubwa ni aluminiamu, haishiki kutu ile ya bati. Kinacholiwa ni chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ambayo ni chuma, na sisi tunaoishi karibu na bahari tunalijua hilo vizuri. Mnunuzi anayejua ataingia chini ya gari kabla hajatazama mlango. Akikuta chesisi imepakwa rangi nyeusi mbichi, anajiuliza kilichofunikwa ni nini. Niliosha chini kwa maji ya presha, nikapiga picha kila kiraka kilichochomelewa, pamoja na pale kwenye mkono wa springi ya mbele kulia ambapo namba ya chesisi imegongwa. Picha za chini zilikuwa nyingi kuliko za juu. Kadi ya usajili wa gari niliipiga picha pia, lakini namba nikaziba kwa karatasi. Si kila anayeomba picha ya kadi anataka gari.

Kuna kaka alikuja na sumaku mfukoni, amesikia kwamba sumaku ndiyo inayofichua pati, yaani ile ya kuzibia mabonde ya bodi kabla ya rangi. Akaibandika kwenye bawa la mbele, ikaanguka. Akaibandika mlangoni, ikaanguka. Akanitazama kama amenikamata: "Mama, gari lote hili pati?" Nikamwomba ajaribu kwenye ukuta wa mbele ya dashibodi, ule unaotenganisha injini na abiria. Ikanasa mara moja, maana ule ni chuma, na sumaku hainasi kwenye aluminiamu. Hakununua, lakini aliondoka na elimu.

Aliyenunua ni kijana wa kuongoza watalii kutoka Arusha, alikuja na fundi wake mzee. Mzee nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha hakusema tena mpaka alipotoka chini ya gari na vumbi mgongoni. "Chesisi inakaa," akamwambia kijana. Tukaenda kulijaribu Bunju, kwenye njia ya mchanga. Pale miguuni kuna kitufe cha njano na mkono mwekundu. Cha njano unakididimiza chini, magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Mkono mwekundu unauvuta nyuma gari likiwa limesimama, unapata gia nzito, na magurudumu yote manne yanafanya kazi. Kijana alifurahi, tukatoka mchangani, akaingia lami na kitufe cha njano kikiwa bado chini. Stelingi ikaanza kukaza kwenye kona. Mzee akamwambia bila kugeuka, "Toa. Hili halina difu ya katikati, utavunja vitu vya mama wa watu." Difu ya katikati ndiyo inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo kwenye kona. Hapo nikajua gari linakwenda kwa watu wake.

Tulikubaliana milioni 14 na nusu. Alitaka na gia boksi la akiba lililoko stoo liwe humohumo. Nikasema hilo lina bei yake.

Malipo hayana hadithi ndefu, ila ni hapa watu wanapolizwa. Mwingine kabla yake aliomba nimkabidhi kadi orijino "akaihakiki TRA". Nikamwambia twende wote, hakurudi. Na huyu wa Arusha tulikaa benki hadi fedha ikasoma kwenye akaunti yangu. Ujumbe wa simu siuamini, unaweza kuandikwa na yeyote. Mkataba wa mauziano tulisaini kwa wakili, na nikasisitiza uandikwe tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ina maana yake: trafiki wakilipiga faini jioni, deni linafuata namba ya gari, na namba bado ina jina lako. Madeni ya trafiki ya nyuma nilikuwa nimekwisha kuyaangalia mtandaoni na kuyalipa.

TRA walihitaji mkataba, kadi, vitambulisho na namba zetu za TIN. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya bei, yaani shilingi 145,000, tukakubaliana alipe mnunuzi. Wapo wanaoandika bei ya chini kwenye mkataba ili kupunguza hiyo asilimia. Mimi sioni faida: ukigombana na mtu mahakamani, bei yako ni ile iliyoandikwa.

Sikumwachia aondoke na gari mpaka ombi la kuhamisha umiliki lilipoingia kwenye mfumo. Alilalamika kidogo, mzee akamtuliza. Baadaye alinitumia picha ya kadi mpya yenye jina lake, nikaichapa na kuiweka kwenye faili pamoja na mkataba.

Juzi amepiga tena kuulizia lile gia boksi. Bei ni ileile, na usafiri hadi Arusha ni juu yake.