Kuvuka Idjwi na suruali iliyokatwa lebo

Kahawa ikiiva Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu huko Kongo, haingoji mtu. Tunda lililochumwa asubuhi linatakiwa likobolewe siku hiyohiyo, la sivyo linaanza kuchacha na bei inaanguka. Ndiyo maana sisi wanunuzi tunavuka ziwa mwezi wa nne, mvua ikiwa imepamba moto, wakati watu wenye akili zao wamebaki mjini Bukavu wanaota moto wa makala.

Safari hii nilijiandaa. Katika duka moja la katikati ya mji niliuziwa suruali ya dola 30, rangi ya majani makavu, mifuko sita, na muuzaji akaniapia kwamba ni nailoni ya watembezi wa milimani, inakauka ukiipunga tu hewani. Dola 30 kwa suruali moja! Kwa pesa hiyo kwenye soko la Kadutu, hapohapo Bukavu, unavisha watoto watatu. Nililipa kwa sababu najua Idjwi ilivyo. Boti kubwa inakufikisha kisiwani, lakini vijiji vingi vya wakulima havina gati, kwa hiyo unamalizia kwa mtumbwi, na mtumbwi haukupeleki hadi nchi kavu. Unashuka majini hadi magoti, mara nyingine hadi mapaja, unatembea juu ya mawe yenye utelezi huku umebeba mzani kichwani.

Juu ya suruali nilijifunga kikwembe, yaani kitenge, kama ninavyofanya siku zote nikienda kwa wazee. Mama yangu alikuwa msichana miaka ya 1970, wakati utawala wa Mobutu ulipokataza wanawake kuvaa suruali, na hadi leo akiniona nimevaa moja peke yake ananiuliza kama nguo zangu zimekwisha. Nampenda mama yangu, lakini yeye hajawahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi na kikwembe kilicholowa kimemkaba miguu.

Ya kwenye boti siyasemi mengi. Nauli iliongezwa franka 3,000 tukiwa tumeshaketi, mzigo wangu ukalipiwa mara mbili, na kiti changu kilikuwa mfuko wa saruji.

Mvua ilitukuta kwenye mtumbwi, alasiri. Upepo ulishuka kutoka upande wa milima ya Kalehe, maji yakabadilika rangi kabla mawimbi hayajafika. Wapiga kasia walikuwa vijana wawili, wamevaa bukta za kuchezea mpira na fulana zilizochanika. Mmoja alinipa kopo: "Mama, teka maji, usiangalie mbele." Nikateka. Wimbi likiingia nateka, jingine linaingia. Tulipokaribia ufukwe chombo kilikuwa kimejaa nusu, tukaruka wote tukausukuma, maji yakiwa kiunoni.

Niliposimama nchi kavu ile suruali ya dola 30 ilikuwa kama mfuko wa unga uliolowa. Maji yalitiririka kutoka mifuko yote sita. Mshono wa katikati ya miguu, mnene, ulikuwa umeanza kunichuna mapaja, na kutoka pale hadi nyumbani kwa mwenyeji wangu ni kupanda mlima. Tena ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, jua likizama baridi haina huruma. Nguo iliyolowa hukausha maji yake kwa joto la mwili wako, kwa hiyo inapoendelea kukauka ndipo unapozidi kutetemeka. Nilitetemeka hadi meno yakagongana. Wale vijana wawili, wakati tunashusha mizigo tu, bukta zao zilikuwa zimeshakauka. Niliwatazama sana.

Usiku nikaitundika suruali karibu na moto. Asubuhi mshipi wake na mifuko bado ilikuwa inatoa maji nikikamua.

Mwenyeji wangu ndiye aliyenipeleka kwa fundi. Ni mzee, cherehani yake ya kukanyaga iko barazani, chini ya mgomba, na wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwani, humletea nguo zao zote. Nilimsalimia, nikamkabidhi suruali, nikamwambia, "Papa, hii niliuziwa kama nailoni."

Hakujibu. Aligeuza kiuno ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mshono wa nyuma, akanionyesha vijinyuzi vifupi vimesimama kama ndevu za siku mbili.

"Lebo ilikuwa hapa, mama. Waliikata kwa wembe. Mtu anakata lebo ya nini?"

Muuzaji alikuwa ameniambia hawaweki lebo kwa sababu inawasha ngozi. Mzee akavuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo, urefu wa kidole, akawasha kiberiti. Uzi ulishika moto mara moja, ukawaka kwa ulimi wa njano, kisha chembe nyekundu ikatambaa polepole hadi karibu na kucha zake. Harufu ilikuwa ya karatasi inayoungua. Majivu yakabaki, ya kijivu, laini, aliposugua vidole yakapotea.

"Pamba," akasema. "Yote."

Ndipo akavuta kutoka chini ya meza suruali nyingine ya mitumba, imepauka magotini, akachomoa uzi wake akausogeza kwenye moto. Huo haukusubiri kuguswa. Ulijikunja ukikimbia moto, ukayeyuka, ukadondosha tone, na tone likaganda. Alipoona limepoa akaniwekea kiganjani: kishanga kigumu, cheusi, nikakibana kwa ukucha hakikuvunjika. Hiyo ndiyo nailoni, na poliesta nayo huyeyuka hivyohivyo, akanieleza, kwa hiyo moto hauwezi kukutenganishia hizo mbili, lakini unakutenganishia kitu kinachokunywa maji na kitu kisichokunywa. Anayesafiri ziwani shida yake ni hiyo tu.

Nilikaa pale hadi adhuhuri na kahawa yangu ikanisubiri. Maana ya yote ni hii: uzi wa pamba hunyonya maji hadi ndani yake wenyewe, nailoni na poliesta maji hukaa zaidi kati ya nyuzi, ukikamua yanatoka. Hata katika hewa ya kawaida, bila kulowa, pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, nailoni asilimia 4, poliesta haifiki hata 1. Kwa kukauka, poliesta ni bora, nayo huvumilia jua zaidi. Kwa kusuguana na mawe na ukingo wa mtumbwi, nailoni ndiyo yenye nguvu. Mzee alinipa nailoni kwa sababu aliyaona mawe ninayokanyaga.

Aliiinua ile suruali ya nailoni kwenye mwanga nikaona vimraba vidogo kitambaa kizima. Kila baada ya nafasi ndogo umepitishwa uzi mnene, kwa urefu na kwa upana, ili mpasuko ukianza uishie hapo. Vitambaa vya namna hii vilianza kutumika kwenye miavuli ya askari wa angani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tulikuta goti lina tundu la zamani la msumari, na kweli, lilikuwa limekoma kwenye mraba wake.

Kilichobaki alikifanya kwa mkasi. Alifumua katikati ya miguu, pale mishono minne inapokutana na kuchuna watu, akaweka kipande cha umbo la almasi alichokikata kwenye kifuniko cha mfuko, hivyo mishono ikaondoka mahali panaposuguana na ukipiga hatua ndefu suruali haikubani. Mifuko ya ndani, iliyokuwa ya pamba, akaitupa, akashona mingine kwa kipande cha jezi ya mpira yenye matundu ili maji yasituame. Zipu ilikuwa ya plastiki, akaiacha. Bei ya suruali na kazi: franka 15,000. Nilimwongezea, akakataa, nikamwachia sukari.

Siku zilizofuata zilikuwa za kupima kahawa na kubishana, hazina simulizi. Nililowa tena, tena sana, na kila mara hadi mzani unafungwa miguu yangu ilikuwa mikavu. Jioni nilifanya alivyonifundisha: kamua, tandaza suruali juu ya kikwembe kikavu, vikunje pamoja, kanyaga, kisha tundika kivulini penye upepo. Jua kali hula nailoni. Moto nao ni adui: cheche moja ya mbabula, jiko la makala, ilinitobolea tundu dogo la mviringo pajani, na nguo hii usiikaribishe kabisa pasi ya makala.

Niliporudi Bukavu nilikwenda dukani na suruali ya dola 30, nikaomba kiberiti. Muuzaji alikataa nisichome uzi mbele ya wateja, na pesa hakurudisha. Inaniuma bado, wala si kwa ajili yangu tu. Kila siku ya soko akina mama wanavuka na mananasi na mihogo wakiwa na vikwembe vilivyolowa, wanafika mjini midomo imekuwa ya buluu, na vijana wa kupakua mizigo wanashinda majini na jinzi, kwa sababu jinzi ndiyo waliyoambiwa ni nguo ngumu. Ni ngumu, ndiyo. Lakini ikilowa asubuhi, inalala na wewe ikiwa imelowa.

Nimeshampelekea fundi mmoja wa Kadutu suruali yangu akachora kipimo chake, pamoja na ile almasi. Kushona anasema ni kazi ya nusu siku. Kinachotukwamisha ni kitambaa: nailoni ya vimraba haiuzwi kwa mita sokoni, tunaitafuta kwenye mahema yaliyochanika na makoti ya mvua yanayokuja na mitumba, na wauzaji wakishaona tunanunua nyingi wanapandisha bei. Juzi hema moja bovu lilikuwa dola 8, leo wanataka 12. Kiberiti ninacho mkobani, na sitatoa hata franka kabla ya kuchoma uzi.