Kumuuguza mwenye ini lililokakamaa: chumvi kwanza, kupandikiza baadaye

Ami yangu ini lake limekakamaa kwa homa ya ini B. Hapa Lamu kila anayekuja kumtazama ana dawa yake, na iliyonichosha zaidi ni "asile samaki, ini lipumzike". Mgonjwa huyu misuli yake inaisha! Apewe protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kitu cha kutafuna kabla ya kulala.

Adui ni chumvi. Mwisho wake ni kijiko kimoja cha chai kwa siku, nacho kinahesabu mpaka ya mkate wa dukani. Ng'onda, achari na vidonge vya mchuzi nilivifukuza. Kila alfajiri natia nusu ya kijiko hicho kwenye kikopo, kikiisha, basi. Chungu ni kimoja kwa nyumba nzima, hakina chumvi, mwenye kutaka ajitilie sahanini. Ndimu, ukwaju na tangawizi hufanya kazi iliyobaki. Kuna mjuaji aliyeniletea "chumvi ya wagonjwa". Kusoma pakiti, ni potasiamu! Anayemeza spironolaktoni, dawa ya kukojoza, tayari anaihifadhi mwilini, na ikizidi moyo unaweza kusimama.

Mizani ni kila asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai. Akiwa hana uvimbe miguuni, dawa za kukojoza zisimpunguze zaidi ya nusu kilo kwa siku, figo zitaumia. Laktulozi, dawa ya kulainisha choo na kutoa sumu zinazovuruga akili, ipimwe kwa choo: laini, mara 2 au 3. Wengi huiruka siku ya safari, wakiogopa boti ya Mokowe na basi, halafu wanashangaa mgonjwa amefika akiropoka. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, hapana kabisa.

Kuhusu kupandikiza, msingoje macho yawe manjano. Tumbo kujaa maji, kutapika damu au kuchanganyikiwa: moja tu likitokea, ombeni rufaa. Daktari atapiga hesabu ya MELD, alama za ukali wa ugonjwa wa ini, kwa vipimo vya damu: bilirubini, kreatinini na INR. Kuanzia alama 15 mazungumzo huwa ya kweli. Gharama, hata ukiuza shamba, jipange upya.

Wanaokwenda India waanze makaratasi ya undugu wa mtoaji wa ini mapema. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, inayotakiwa kuingia huko, huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, na kwa kuwa chanjo ile ina virusi hai, daktari wa ini aulizwe kwanza. Akishapandikizwa, haipigwi.